Adnan Menderes na Askari Wake

Jina la Adnan Menderes hutajwa kwa mapenzi na Waislamu wengi, kwa kuwa wakati wake adhana ya Kiarabu ilirudi katika nchi ya Uturuki. Sisi nasi twampenda kwa hilo. Lakini khabari ya mwisho wake ina mas-ala ambayo ndugu zetu hawakuyatazama vya kutosha: je, yafaa askari kumwondoa mtawala aliyechaguliwa na watu, hata akiwa amekosa?

Alizaliwa mwaka 1899 katika nchi ya Aydın, magharibi ya Uturuki, katika nyumba ya wenye mashamba, akafiwa na wazazi angali mdogo. Hakuwa mwanachuoni wa dini. Aliingia Bunge mwaka 1931 kwa chama cha Mustafa Kemal, na sharia za serikali akazisoma Ankara akiwa tayari ni mbunge. Mwaka 1945 chama kilimfukuza kwa kukikosoa. Mwaka uliofuata yeye, Celâl Bayar na wenzao wawili wakaunda chama chao. Tarehe 14 Mei 1950 watu wakawapa ushindi, na chama kilichotawala miaka 27 kikatoka. İsmet İnönü, rais wa wakati huo, alikuwa jemadari wa vita, na juu ya hayo alishuka kitini kwa salama. Jambo hili msomaji alishike.

Tangu mwaka 1932 adhana ikitolewa kwa Kituruki, na tangu 1941 mwadhini wa Kiarabu alikuwa hatiani. Tarehe 16 Juni 1950, Ramadhani ikiwa mlangoni, Bunge jipya likaliondoa katazo hilo. Hata wapinzani hawakulipinga.

Mwaka 1954 alishinda tena kwa kishindo, na hapo ndipo kiburi cha utawala kilipomwingia. Waandishi wa magazeti walifungwa. Septemba 1955 wahuni waliyavamia maduka, makanisa na hata makaburi ya Wagiriki wa Istanbul, na serikali yake haikuwalinda. Hatuoni ruhusa kuyaficha haya kwa ajili ya adhana. Watu wale walikuwa raia, na mali zao na damu zao ni haramu kwetu. Mwaka 1957 alipata chini ya nusu ya kura, ijapokuwa viti vingi vilibaki kwake. Kisha Aprili 1960 ikaundwa kamati ya wabunge 15, wote wa chama chake, ikapewa nguvu za kufunga magazeti na watu. Hiyo ni dhulma, hapana jina jingine.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 1960 askari wakatwaa nchi. Baraza lao lilikuwa la watu 38, na mkubwa wao Jenerali Cemal Gürsel. Mkuu wa majeshi yote, Rüştü Erdelhun, alikamatwa na walio chini yake. Menderes naye akashikwa karibu na Kütahya, akapelekwa kisiwa cha Yassıada.

Hoja yao ni kuwa alivunja katiba. Na tukubali kuwa aliivunja. Lakini silaha ile ilinunuliwa kwa mali ya raia, wakapewa amana ya kulinda mipaka. Nani aliyewapa ukadhi? Mahakimu wa Yassıada waliwekwa na hao hao waliomkamata. Walimshitaki hata kuua mtoto mchanga, kisha mahakama ile ile ikamtoa katika hilo.

Atasema mtu: raia wangoje mpaka lini? Muda wa Bunge lile ulikuwa umebakia mwaka mmoja na kitu, na İnönü alikuwako na chama chake kina nguvu. Na tujiulize lililo gumu zaidi. Lau askari wangewaondoa wale walioikataza adhana, tusingefurahi? Khofu yetu ni kuwa wengi wetu tungefurahi. Basi tukumbuke kuwa wale waliondoka mwaka 1950 kwa kura, na adhana ikarudi pasi na risasi hata moja. Waliomzingira Sayyidna Uthman nao walikuwa na malalamiko, na mlango walioufungua kwa upanga umma haujaweza kuufunga mpaka leo.

Septemba 1961 watu 15 walihukumiwa kufa. İnönü, hasimu wake mkubwa, aliomba wasinyongwe, hakusikilizwa. Zorlu na Polatkan, mawaziri wake, walinyongwa tarehe 16 katika kisiwa cha İmralı. Menderes alikuwa amemeza vidonge vya usingizi; waganga wakamtibu hata akapata nafuu, na tarehe 17 akanyongwa.

Na askari wenyewe? Novemba 1960 walikuwa wamekwisha fukuza wenzao 14 katika lile baraza. Kanali Talat Aydemir alijaribu kupindua serikali mwaka 1962, akajaribu tena 1963, na mwaka 1964 naye akanyongwa. Jeshi likarudi tena mwaka 1971, na tena 1980.

Mwaka 1990 serikali iliyatoa mabaki ya Menderes na mawaziri wake wawili İmralı, ikawazika Istanbul kwa heshima za dola, na askari wakasimama safu.