Shaaban Robert: Karani wa Tanga Aliyewausia Wanawe kwa Tenzi



Kila jina la Shaaban Robert linapotajwa mbele ya vijana wetu hapa Lamadi, huja swali lilelile: alikuwa Muislamu au Mkristo? Shuleni wamemsoma, lakini hilo jina la pili linawatatiza. Jibu ni fupi. Alikuwa Muislamu. Robert ni jina la baba yake, na mtoto hakuliona kuwa aibu, kwani vitabu vyake vyote aliviandika kwa jina hilo. Kwa kuwa swali halishi, tumeona tueleze maisha yake japo kwa ufupi.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa na asili ya Uyao, ila yeye alijihesabu Mswahili. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani wa forodha katika serikali ya Waingereza. Kazi hiyo aliifanya hadi 1944, akihamishwa kituo hiki na kile, Pangani ikiwemo. Baada ya hapo alitumika idara ya wanyama, ofisi ya wilaya ya Tanga na ofisi ya upimaji ardhi. Chuo kikuu hakukiona. Msomaji asidhani basi kwamba mashairi ndiyo yaliyomlisha. Alikula kwa kalamu ya ofisini, na tungo zake zilingoja wakati wake mwenyewe.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa kufiwa na mkewe, Amina. Alimlilia kwa shairi ambalo mpaka leo linasomwa na watu waliofiwa. Nyumbani walibaki watoto wadogo, Mwanjaa na Suleiman. Hebu tufikiri hali hiyo: baba mjane, mtumishi ambaye barua ya uhamisho inaweza kumfika wakati wowote, na binti anayekua bila mama wa kumkalisha kitako na kumfunza.

Alichofanya ni kuandika. Mwanjaa alimtungia Utenzi wa Hati, Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili. Katika Hati anaanza na Mwenyezi Mungu, kisha anaingia kwenye heshima, usafi, maneno ya kinywa, mambo ya ndoa na ya nyumba. Pwani jambo hili lilikuwa na mtangulizi. Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimuusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858. Lakini yule alikuwa mama. Huyu ni mwanamume aliyebeba kazi ya mama pamoja na yake, na hapo ndipo sisi tunapompendea zaidi kuliko kwenye vitabu vinavyoulizwa kwenye mitihani. Anayeisoma Surat Luqman atatambua haraka baba huyu alikuwa akifuata njia gani.

Vitabu hivyo vingine navyo si vya kupuuzwa. Kusadikika kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya mkoloni, na ndani yake mtu anashitakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Aliieleza nchi hiyo kuwa inaelea angani, na wenye akili wakaelewa iko wapi. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki 1950, akimtetea mwanamke wa ukoo duni aliyedharauliwa kabla ya kujulikana. Mwaka 1952 ilitoka tafsiri yake ya beti za Omar Khayyam. Zinataja mvinyo mara nyingi, na tunajua wapo watakaokunja uso. Kutafsiri si kunywa.

Uhuru wa Tanganyika aliushuhudia Desemba 1961. Hakuufaidi muda mrefu, kwani alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi yake ndefu juu ya vita vya 1939 hadi 1945, ulichapishwa 1967, yeye akiwa kaburini.

Mzazi anayetaka kuwasomea wanawe Hati na Adili atazikuta zote mbili ndani ya Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Allah amrehemu Shaaban, amrehemu na Amina.