Habari za Mordechai Anielewicz wa Warsaw

Mwezi huu twawaletea habari za kijana mmoja Myahudi wa nchi ya Polandi, ambaye mara mbili alikuwa mbali na mahali pa mauti, na mara mbili akarudi huko kwa hiari yake.

Mordechai Anielewicz alizaliwa mwaka wa 1919 katika mji mdogo wa Wyszków, akakulia Warsaw, katika mtaa wa maskini karibu na mto. Alisoma shule ya Kiebrania, kisha akaingia Hashomer Hatzair, chama cha vijana waliojiandaa kuhamia Palestina na kulima huko kwa ushirika. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wenzake.

Mwezi wa Septemba 1939 majeshi ya Hitler yaliishambulia Polandi. Anielewicz akakimbilia mashariki, akajaribu kufungua njia ya kupitia Rumania ili vijana wafike Palestina; Warusi wakamkamata, wakamtia kifungoni. Alipofunguliwa akafika Vilna, ambako Wajerumani walikuwa hawajafika bado. Angaliweza kukaa huko. Lakini vijana wa chama waliobaki Warsaw walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, maana wakuu wao walikuwa wamekimbia. Basi mwanzoni mwa 1940 akajitolea kurudi, yeye pamoja na mwenzi wake, Mira Fuchrer.

Mwezi wa Novemba mwaka ule Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa Warsaw ndani ya ukuta, watu zaidi ya 400,000 katika eneo lisilozidi maili moja na nusu ya mraba. Mtaa wa namna hiyo huitwa geto. Hata kufika katikati ya 1942, njaa na maradhi yalikuwa yamewaua zaidi ya 80,000. Anielewicz aliendelea na kazi aliyoijua: masomo ya siri na gazeti la siri. Baadaye alimweleza Emanuel Ringelblum, mwanachuoni aliyekusanya habari za geto na kuzificha chini ya ardhi, majuto yake kwamba miaka ile ilipotea, wala hawakutafuta silaha. Mimi siwezi kumlaumu. Masomo yale ndiyo yaliyowashikamanisha vijana, na ndio hao hao waliopigana.

Tangu Julai 22 hata Septemba 21, 1942, Wayahudi zaidi ya 250,000 walipakiwa katika magari ya moshi, wakapelekwa Treblinka, wakauawa kwa gesi. Siku hizo Anielewicz alikuwa mbali, upande wa Będzin, akiwapanga vijana wa huko. Alipopata habari akarudi mara ya pili. Alikuta watu kama 60,000 tu, wengi wao wamefiwa na wazazi na watoto. Palikuwa na kundi la wapiganaji lililoundwa mwezi wa Julai, lenye silaha chache mno; mwezi wa Novemba likamfanya yeye kuwa mkuu wake. Hapo kwanza wazee walikuwa wamekataza vita, wakihofu kwamba kwa askari mmoja Wajerumani wangeua watu mia. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini sasa waliotii walikuwa wamekufa pia.

Januari 18, 1943, Wajerumani wakaja tena kuchukua watu. Anielewicz na wenzake wakajichanganya katika msafara wa waliokuwa wakipelekwa kituoni, na ilipotolewa ishara kila mmoja akamrukia mlinzi aliye karibu naye. Karibu wote wakaanguka, Anielewicz akapona. Baada ya siku nne Wajerumani waliacha kazi yao. Tangu hapo watu wa geto walikataa kutii amri, wakachimba mahandaki chini ya nyumba zao, nao Wapolandi wa upinzani wakawapa bastola chache na mabomu ya mkono.

Aprili 19, mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, majeshi yakaingia kulimaliza geto. Kwetu sisi, ambao babu zetu walipokea Neno kutoka kwa Wajerumani, si jepesi kukumbuka kwamba wengi wa askari wale walibatizwa utotoni. Wapiganaji wa Anielewicz walikuwa kama 500, na kundi la pili kama 250. Siku ya kwanza askari walirudishwa nyuma. Ndipo jemadari wao, Stroop, akaagiza nyumba zichomwe moja moja. Siku ya tano Anielewicz alimwandikia mwenzake Yitzhak Zuckerman, aliyekuwa nje ya ukuta, akiomba bunduki kwa kuwa bastola hazifai, na kumjulisha kwamba tamanio la maisha yake limetimia.

Mwishowe walikimbilia handaki la nyumba namba 18, njia ya Miła. Lilichimbwa na genge la wahalifu wa mjini, nao waliwapokea wapiganaji vizuri. Mei 8 Wajerumani waliligundua, wakatia gesi. Wengine walijiua, wengine walikufa kwa moshi ule. Anielewicz na Mira walikuwa miongoni mwao. Yeye hakuwa amefikisha miaka 25. Wenzao wachache, pamoja na Marek Edelman, walitoka kwa kupitia mifereji ya maji machafu. Mei 16 Stroop alilipua sinagogi kuu la Warsaw. Mwaka wa 1952 alinyongwa katika mji huo huo.

Maiti hazikufukuliwa. Penye nyumba ile pana kilima kidogo cha kifusi, na juu yake jiwe lililowekwa mwaka wa 1946.