Mwalimu wa Calcutta aliyetangulia zama zake

Siku hizi vyombo vya nyumbani vinawasiliana pasipo waya. Simu hupeleka muziki kwenye spika iliyo upande wa pili wa sebule, na kipanya cha kompyuta hakina tena mkia. Wengi wetu hudhani kwamba maarifa haya yalizaliwa juzi katika makampuni ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Mimi naomba leo tumkumbuke mwalimu mmoja wa fizikia, Jagadish Chandra Bose.

Bose alizaliwa Bengal mnamo Novemba 30, 1858, India ikiwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa afisa wa serikali, na watu wa cheo chake waliwapeleka wana wao katika shule za Kiingereza. Yeye alimpeleka wake katika shule ya Kibengali, akaketi pamoja na mwana wa mvuvi na mwana wa mtumishi, kwani mzee huyo aliamini kuwa mtoto sharti aijue lugha yake kabla ya kujifunza ya mgeni. Msingi huo haukumzuia kijana kufika Cambridge. Mwaka wa 1885 alianza kufundisha katika Presidency College, Calcutta.

Huko alikuta Wahindi wakilipwa pungufu ya Wazungu kwa kazi ile ile. Alifundisha bila kukosa, lakini akakataa kupokea mshahara kwa miaka mitatu, hadi wakuu walipomlipa haki yake pamoja na malimbikizo. Maabara yake nayo ilikuwa kijumba tu, na msaidizi wake alikuwa fundi wa bati.

Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amekwisha kuthibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio. Bose aliyafupisha hadi yakawa ya milimita 5 hivi. Katikati ya miaka ya 1890, mbele ya hadhara mjini Calcutta, aliliza kengele na kulipua baruti iliyokuwa mbali naye, mawimbi yakipenya kuta. Hata hivyo, dunia ilitamani masafa marefu. Marconi alitaka kuvuka bahari, na kwa kazi hiyo mawimbi marefu ndiyo yaliyofaa. Yale mafupi ya Bose yakawekwa kando kwa miaka mingi.

Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Bluetooth hutumia mawimbi ya sentimita 12 hivi kuunganisha vifaa vilivyo karibu. Iko pia mitambo ya gigahezi 60, yenye mawimbi ya milimita 5 kama yale ya Bose, inayoweza kupeleka picha kutoka kompyuta hadi skrini ndani ya chumba kimoja.

Bose aliandika pia makala ya sayansi kwa Kibengali, akaanzisha taasisi ya utafiti mwaka wa 1917, na kufariki mwaka wa 1937.

Walimu wenzangu, sisemi kwamba tuache kudai maabara. Bose mwenyewe alidai haki yake bila woga. Nasema kwamba tusingoje maabara ndipo tufundishe. Na shule ambayo bado humwaibisha mtoto kwa kutamka lugha ya mama, hebu ijiulize: je, ingempokea Bose?