ABDURRAHMAN BIN AUF (R.A.) ALIANZA NA SAMLI NA JIBINI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, pengine nawe una nia ya kuanza biashara ya kuleta mali kutoka nje: vitenge, viatu au simu, kutoka Dar es Salaam, Dubai au Guangzhou. Na pengine umeambiwa kwamba bila mtaji mkubwa hutaweza, basi uuze kiwanja cha familia au ukope kwa riba. Kabla hujafanya hivyo, zingatia maisha ya Sahaba huyu.

Abdurrahman bin Auf (r.a.) alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Zuhra. Alisilimu mwanzoni kabisa, na ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Alihamia Uhabeshi, kisha mwaka 622 akahamia Madina. Mali yake aliiacha Makka, akafika mikono mitupu.

Mtume (s.a.w.) akamuunga udugu na Saad bin Rabii (r.a.), mmoja wa matajiri wa Ansari. Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, lakini hakuichukua. Aliomba aonyeshwe soko tu, akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa. Hakurudi ila na faida ya jibini kavu na samli. Kesho yake akaenda tena, na siku zilizofuata vilevile. Haukupita muda mrefu akaoa, akatoa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende.

Mtu huyo wa samli ndiye ambaye baadaye misafara yake ya ngamia ilikuwa ikiingia Madina na vyakula kutoka mbali. Imesimuliwa kwamba hakudharau faida hata iwe ndogo, wala hakuchelewesha kuuza. Imesimuliwa pia kwamba aliuza ngamia 1000 kwa bei ile ile aliyonunulia, akabakiwa na kamba zao tu. Kila kamba akaiuza dirhamu moja, akapata dirhamu 1000. Anayeng'ang'ania faida kubwa, mzigo wake hulala dukani, na pesa yake hulala nao.

Basi ewe ndugu, anza na ulicho nacho. Nunua balo moja kabla ya kuota kontena. Waulize waliokutangulia bei ya huko, nauli ya boti ziwani na ushuru wa mpakani, upige hesabu yote kabla ya kutoa hata dola moja. Mtaji usipotosha, shirikiana na mwenzako, muandikiane mbele ya mashahidi jinsi faida na hasara zitakavyogawanywa. Pesa uliyopewa umletee mtu bidhaa ni amana, si mtaji wako. Mali ikiwa na kasoro, mwonyeshe mnunuzi. Mwaka ukitimia na mali imefika nisabu, toa zaka.

Wala usidhani utajiri ulimsahaulisha. Siku moja alikuwa amefunga, akaletewa chakula. Akamkumbuka Musab bin Umair (r.a.), aliyeuawa Uhud na kukafiniwa kwa nguo fupi isiyofunika kichwa na miguu pamoja. Akalia mpaka akakiacha chakula. Alifariki karibu na mwaka 32 Hijria, akazikwa Baqii. Imepokewa kwamba aliusia kila aliyebaki hai katika watu wa Badri apewe dinari 400.

Alikataa nusu ya mali ya ndugu yake, akafa akiwaachia ndugu zake mali. Ewe Mola, tupe riziki ya halali, utuepushe na riba na deni lisilolipika. Amin.

Tafadhali usiitupe karatasi hii ovyo. Ukimaliza, mpe mwenzako asome.