Adriano Atiman, mtumwa aliyekuwa daktari wa Karema

Katika parokia zetu za Kasulu na Kibondo, ikitajwa kamati ya Haki na Amani, wengi wetu tunafikiria semina na barua za kusomwa baada ya Komunyo. Toleo hili tumeona tumkumbuke mtu aliyefanya haki kwa dawa, bandeji na katekisimu, kando ya ziwa letu hili la Tanganyika.

Adriano Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na bidhaa nyingine. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha mwaka 1876. Wakamlea na kumsomesha, na mwaka 1882 akabatizwa.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliamini kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe. Alitaka vijana waliokombolewa wasomee udaktari, kisha waende kuishi kati ya watu, waoe, walime, watibu na kufundisha dini. Ndiyo maana Atiman alipelekwa kusoma udaktari kisiwani Malta. Mwaka 1888 alipanda meli kuja pwani yetu, akatembea kwa miguu na msafara hadi Karema, akafika mwanzoni mwa 1889. Karema ni kule kusini ukishuka ziwa kutoka Kigoma, siku hizi mkoa wa Katavi. Wamisionari walikuwa wamekabidhiwa boma la Wabelgiji pale mwaka 1885, na biashara ya watumwa ilikuwa bado hai pande hizi. Ujiji yenyewe, tunakoshuka kununua dagaa, ilikuwa soko lake.

Tufikirie kidogo hali yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, msomi, na mtu huru. Hakuwa Mbende wala Mfipa wala Mha. Hakuwa na ukoo wa kumzika. Watu waliomtendea uovu walikuwa mbali sana na Karema, na watu wa Karema hakuwa na deni lao lolote. Angeweza kusema yeye ameteseka vya kutosha, sasa ni zamu yake kuhudumiwa. Badala yake alijifunza maisha ya wenyeji, akamwoa Agnes Wansahira, Mbende, wakajaliwa mtoto, Yosefu, aliyepewa upadre mwaka 1923. (Waseminari, hiyo ni nyumba ya katekista iliyomtoa padre.)

Akakaa miaka 67. Hapo ndipo ninapoona ukubwa wake, kuliko katika nishani alizotunukiwa uzeeni. Vidonda, homa, upasuaji, mafundisho ya wakatekumeni, kesho tena. Malale ilipoingia ukanda wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ikazidi. Wazee wa Kibondo hawahitaji kuelezwa ugonjwa huo: miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Buha na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya mbung'o. Sisi tukimsindikiza mgonjwa wa jumuiya hospitali ya Kabanga mara tatu, ya nne tunaanza kuulizana kwani yeye hana ndugu.

Na kuna jambo jingine linalotugusa moja kwa moja. Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Warundi walipomiminika tena mwaka 2015 hata Nduta ikafunguliwa upya, tumebishana sana juu ya kuni, mashamba na usalama. Malalamiko mengine yana ukweli, tusidanganyane. Lakini lugha yetu kuhusu mkimbizi imekuwa ya mtu anayekula tu. Atiman naye alikuwa mtoto aliyeng'olewa kwao, bila karatasi wala mzazi, akalishwa na kusomeshwa kwa fedha za watu wengine. Aliyemwona siku ile Algeria asingemdhania daktari. Jumuiya inayochangia daftari la mtoto mgeni, au inayomkaribisha mama mkimbizi asali nao badala ya kumwacha asimame mlangoni, haijui inamlea nani.

Kigoma yetu haikuwa mbali naye. Askofu Jan van Sambeek, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika tangu 1936, Karema ikiwamo, ndiye aliyekabidhiwa vikarieti mpya ya Kigoma mwaka 1946. Wakati huo Atiman alikuwa anakaribia miaka 80.

Alifariki huko huko Karema mwaka 1956. Leo Sumbawanga ina hospitali yenye jina lake, na Dar es Salaam nyumba ya Mapadre Weupe inaitwa Atiman.