Nuhu Mbogo: Subira Katika Tufani

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twamtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baada ya hayo, enyi ndugu zetu, katika darasa zetu hapa Malaba liko swali ambalo huulizwa mara nyingi kuliko mengine. Mtu husali na kufunga, kisha mali yake hupotea, au mtoto wake hufa, au hukwama mpakani mpaka mzigo wake ukaoza, kama yalivyowapata wengi mwaka 2020, malori yalipopanga foleni ndefu kwa sababu ya maradhi ya korona. Hapo huuliza imani yake yamfaa nini, ikiwa haikumkinga na balaa. Na wako ambao hawangoji jawabu, bali huenda kwa mganga kununua hirizi. Leo tumeona heri tulijibu swali hili kwa maisha ya mtu mmoja wa ng'ambo ya mto wetu, naye ni Nuhu Mbogo wa Buganda, aliyefariki mwaka 1921.

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili, na ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza. Uislamu ulifika katika baraza ya baba yake mwaka 1844 kwa mkono wa mfanyabiashara Ahmad bin Ibrahim, ambaye hakuogopa kumkumbusha mfalme kwamba watu aliokuwa akiwaua ni viumbe wa Mungu. Mutesa alipotawala alisali na kufunga kwa miaka kama kumi, lakini hakukubali kutahiriwa. Vijana wa baraza yake walipokataa kula nyama aliyoichinja asiye Mwislamu, na kusali nyuma ya asiyetahiriwa, aliamuru wauawe, na wengi waliuawa Namugongo karibu na mwaka 1876. Katika zama hizo ndipo Mbogo alipoishi: dini ilikuwa ikimgharimu mtu roho yake.

Mwaka 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa, akafuatwa na Kiwewa, kisha na Kalema, aliyesilimu na kuitwa Rashid. Hapa hatuna budi kusema kweli, ijapokuwa ni chungu. Kalema aliogopa kunyang'anywa kiti, akawaua wana wa wafalme wengi, wake kwa waume. Dhuluma ni dhuluma hata akiifanya Mwislamu, na jina zuri halimtakasi mwenye kuitenda. Mbogo alisalimika na mauaji hayo. Kalema mwenyewe aliondolewa, na mwaka 1890 akafa kwa ndui akiwa ukimbizini upande wa Bunyoro. Waislamu waliokuwa naye wakamchagua Mbogo awe mfalme wao.

Tazameni basi ufalme huo ulikuwa wa namna gani. Haukuwa na jumba wala hazina. Ulikuwa ni ufalme wa watu wenye njaa, walioacha mashamba yao, na watoto na wazee wakiwa pamoja nao. Mwaka 1891 walishindwa vitani na majeshi ya Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza pamoja na Waganda Wakristo. Mwaka uliofuata ikaja habari ya sulhu: Mbogo ajisalimishe na aache madai ya kiti, na watu wake wapewe mahali pa kukaa. Mbogo akakubali, akaenda Kampala mwaka 1892 mikononi mwa waliokuwa adui zake, na Waislamu wakapewa Butambala, Gomba na Busujju. Mtu ambaye raha ya moyo wake iko katika kiti hawezi kutenda hivyo. Hukishikilia kiti mpaka wafuasi wake wamalizike wote.

Lakini msidhani kwamba tufani ilikwisha hapo. Mwaka 1893 palitokea ugomvi baina ya Waingereza na Salim Bey, mkubwa wa askari wa Kisudani, ambaye alikuwa Mwislamu. Salim Bey alikamatwa, akafa Naivasha akipelekwa pwani. Waislamu wakanyang'anywa Gomba na Busujju, ikabaki Butambala peke yake, na Mbogo akahamishwa mpaka Zanzibar. Alikuwa ameacha ufalme kwa ajili ya amani, na sasa aliondolewa hata katika nchi yake. Alirudi Buganda mwaka 1895.

Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi, wakatumaini kwamba Waislamu wa Buganda wataungana nao. Yule aliyehamishwa angekuwa na sababu ya kutaka kisasi, lakini Mbogo hakujiunga nao. Na mwaka 1900 ulipoandikwa Mkataba wa Uganda, yeye alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Alitambuliwa kuwa mkubwa wa Waislamu, akapewa pauni 250 kila mwaka, na maili 24 za mraba za ardhi kwa ajili yake na watu wake. Siku hizo hata sehemu zetu hizi zilikuwa ndani ya Uganda, mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 1902.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mbogo aliitwa kwa jina la Nabii Nuhu, amani iwe juu yake. Nabii Nuhu hakuzuiliwa maji yasije, bali aliamrishwa kujenga safina, naye akaijenga huku watu wakimcheka. Hata hivyo maji yalimchukua mwanawe mbele ya macho yake. Mwenye kudhani kwamba imani ni ukuta wa kuzuia mvua atavunjika moyo kwa wingu la kwanza. Imani ni safina: maji huja, mawimbi huipiga, na mtu humo ndani huogopa na hulia, wala si dhambi kulia, lakini hazami. Na hirizi ni nini? Ni kipande cha ngozi ambacho hakiwezi kujiokoa chenyewe kikitumbukia mtoni.

Tena safina si ya mtu mmoja. Mbogo hakujitafutia usalama wake akawaacha wenziwe. Basi ndugu yako akipatwa, usimwambie asubiri kisha ukaenda zako. Mpelekee unga, kaa naye, sali naye jamaa.

Mbogo alipofariki, mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa kijana mdogo, lakini baadaye aliwaongoza Waislamu na kutoa ardhi ya Kibuli kwa msikiti na shule. Ufalme wa porini haukuacha hata nguzo moja, na adhana bado inasikika katika kilima cha Kibuli.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi na ninyi subira wakati wa dhiki na shukrani wakati wa faraja. Amin.