Bibi Charlotte Cooper, Bingwa Kiziwi

Wazee wetu wa Mombasa walihesabu miaka kwa mambo makuu: mwaka wa vita vya Mbaruk bin Rashid na Waingereza, mwaka wa kuanza reli. Nami, mkazi wa Mbaraki, kwa hesabu hiyo hiyo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya Bibi Charlotte Cooper wa Uingereza, kwani yana mazingatio kwa kila mzazi mwenye binti.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1870, huko Ealing, karibu na London, akajifunza tenisi katika klabu ya kwao. Siku hizo mwanamke hakuingia kiwanjani ila kwa sketi ndefu ya kufika vifundoni na blauzi ya mikono mirefu. Kwa vazi hilo hilo Charlotte alikimbilia wavuni na kuupiga mpira kabla haujagusa nyasi. Basi asemaye kwamba nguo ya heshima humzuia mwanamke kucheza, na amtazame huyu.

Mwaka 1895, mwaka wa vita vya Mbaruk, alitwaa ubingwa wa Wimbledon kwa mara ya kwanza. Yasimuliwa kuwa alirudi nyumbani kwa baiskeli akamkuta nduguye akikata ua wa majani. Alipomwarifu kuwa ameshinda, ndugu hakutia neno, akaendelea kukata. Ndiyo thamani waliyopewa wanawake michezoni.

Mwaka 1896, reli ilipoanza kujengwa hapa Mombasa, alishinda tena. Kisha ukamfika mtihani: akiwa na umri wa miaka 26 alikuwa kiziwi. Asiyecheza huenda asiuone uzito wake. Mchezaji husikia mlio wa mpira katika nyuzi za raketi, akatambua umepigwaje. Charlotte aliikosa ishara hiyo, akabaki na macho na miguu. Hata hivyo, mwaka 1898 alikuwa bingwa tena.

Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 1900, ndiyo ya kwanza kushirikisha wanawake. Tarehe 11 Julai alimshinda Hélène Prévost wa Ufaransa, 6-1, 6-4, akawa mwanamke wa kwanza duniani kushinda Olimpiki katika shindano la mtu mmoja mmoja. Nishani ya dhahabu hakuvikwa, kwani wakati huo haikuwa ikitolewa.

Mwaka 1901 aliolewa na Alfred Sterry, mwanasheria, akashinda Wimbledon mara ya nne. Akazaa watoto wawili, Rex na Gwyneth. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 37, alirudi akamshinda Agnes Morton katika fainali na kutwaa ubingwa wa tano. Hadi leo hajatokea mwanamke wa umri mkubwa zaidi aliyeshinda taji hilo la mchezaji mmoja mmoja.

Alifariki tarehe 10 Oktoba, 1966, huko Scotland, akiwa na miaka 96. Miaka miwili baadaye, Kenya ilipeleka wanawake wake wa kwanza katika Olimpiki, mjini Mexico: Tecla Chemabwai, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire.

Katika mitaa yetu wapo mabinti viziwi wanaofungiwa ndani, wengine kwa haya, wengine kwa huruma. Wazazi wenzangu, watoto hao tuwape nafasi ya kusoma na kucheza. Kipaji alichojaaliwa mtoto hatukijui mpaka tumemfungulia mlango.